Chuo kikuu au poli? Hesabu ya Shinyalu si ya karo pekee

Ukitoka Shinyalu kwa matatu, mara nyingi utapitia Khayega. Pale barabara ya kwetu inakutana na ile kubwa ya Kisumu–Kakamega, na kama umemaliza Kidato cha Nne juzi, pale ndipo njia yako inagawanyika, kihalisia kabisa. Kushoto unaelekea Sigalagala, kwenye Chuo cha Kitaifa cha Kiufundi ambacho huku tunakiita poli tu. Kulia unapita Ilesi, kwenye lile Jiwe Linalolia ambalo wageni hulipiga picha na sisi hatuligeukii hata. Unaingia mjini Kakamega, unashika barabara ya Webuye, na hapo ndipo ilipo MMUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro.

Vyuo viwili vya umma, safari fupi ya matatu kati yao. Lakini ukisikiliza wazee wakiongea utafikiri kimoja kiko peponi na kingine kiko chini ya daraja.

Binamu yangu alikuwa na siku tano za kuamua. Alipata C+ katika KCSE, alama ile ambayo inakufungulia mlango wa chuo kikuu lakini haikuambii mlango gani. Tovuti ya KUCCPS ilikuwa wazi, siku zinayoyoma, na alikuwa na vitu viwili kichwani: digrii ya mambo ya usimamizi wa majanga, kozi ambayo MMUST inajulikana sana kwayo, au diploma ya uhandisi wa umeme pale Sigalagala. Alizipenda zote mbili. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia mtu anafikiria poli, wanadhani digrii imemkataa.

Kwanza tuelewe C+ ni nini. Katika KCSE ya 2024 watahiniwa 962,512 walifanya mtihani, na waliopata C+ kwenda juu walikuwa 246,391. Hiyo ni kama mmoja kati ya wanne. Kwa hivyo kijijini, mtoto akileta C+ nyumbani, habari inafika sokoni kabla yake. Shangazi wanapiga simu. Mtu ambaye hajawahi kukusalimia anakuita "daktari". Na kuanzia siku hiyo, chuo si chako tena, ni cha ukoo mzima.

Baba yake, ambaye kwangu ni mjomba, alisimama na kutangaza: "Akienda chuo kikuu, nauza fahali."

Kama wewe si wa huku, pengine hujashtuka. Ngoja nikueleze. Kwa Waisukha na Waidakho, fahali wa kupigana si ng'ombe wa maziwa. Ana jina, ana mashabiki, ana watu wanaomsindikiza asubuhi na mapema kwenda uwanjani wakiimba na kupiga isukuti. Akishinda, mwenyewe anatembea kama mheshimiwa mwezi mzima. Mjomba amemlea fahali huyo miaka minne kwa majani ya kuchaguliwa na maneno matamu ambayo sijawahi kusikia akimwambia shangazi. Kusema atamuuza ni kusema atatoa figo.

Binamu yangu akamuuliza, kwa adabu, "Na nikienda poli, baba?"

Mzee akanyamaza kidogo. "Poli utasaidiwa na dada zako."

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba bei ya chuo haisomwi kwenye barua ya karo peke yake. Bei pia ni nani yuko tayari kukulipia, na anakulipia kwa sababu gani.

Sasa tuingie kwenye namba, maana huyu binti alikaa nazo usiku kucha na kalamu na mgongo wa daftari la Kemia.

Zamani mambo yalikuwa mepesi kwa waliochaguliwa na serikali: karo ya chuo kikuu cha umma ilikuwa 16,000 kwa mwaka, na HELB inakupa mkopo wa kujikimu. Mei 2023 serikali ikatangaza mfumo mpya. Kila kozi sasa ina gharama yake, na gharama hiyo inagawanywa mara tatu: ufadhili ambao hurudishi, mkopo ambao utarudisha, na mchango wa familia. Mgawanyo unategemea uko bendi gani, na bendi inatokana na yale uliyojaza kuhusu hali ya nyumbani. Kwa bendi tano zilivyopangwa, wa bendi ya 1 anapata ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa 25, familia inatoa 5. Wa bendi ya 3 anapata 50 na 30, familia inatoa 20. Wa bendi ya 5 anapata 30 na 30, familia inatoa 40. Mkopo wa kujikimu nao unashuka kutoka 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya 1 hadi 40,000 kwa bendi ya 5.

Tuchukue kozi ya kubuni inayogharimu 200,000 kwa mwaka, ili hesabu iwe rahisi. Ukiwekwa bendi ya 3, ufadhili ni 100,000, mkopo 60,000, na nyumbani wanatafuta 40,000. Juu yake kuna mkopo wa kujikimu wa 50,000. Kwa miaka minne familia imetoa 160,000, na wewe unatoka na deni la 440,000 kabla hujahesabu riba ya HELB ya asilimia 4 kwa mwaka. Ukichelewa kulipa baada ya muda wa neema, kuna faini ya 5,000 kila mwezi. Kila mwezi, nimesema.

Upande wa poli, ada iliyotangazwa chini ya mfumo huohuo ni 67,189 kwa mwaka. Hata usipopata ufadhili wala mkopo, na wanafunzi wa vyuo vya kiufundi wanaruhusiwa kuomba vyote viwili, miaka mitatu ni 201,567.

Mjomba alipoonyeshwa hizi namba alicheka kwa furaha. "Unaona? Chuo kikuu ni nafuu! Mimi natoa laki moja na sitini, huko poli natoa laki mbili." Na kwa pesa za mfukoni mwake, hakukosea. Ndio maana wazazi wengi hawaelewi sisi tunalalamika nini. Barua inapofika, mzazi anaangalia mstari mmoja tu, ule wa mchango wa familia. Mstari wa mkopo hauna jina lake.

"Na hizi laki nne na arobaini ni za nani?" binamu aliuliza.

"Utalipa ukipata kazi."

Sina ugomvi na mikopo. Bila HELB, tangu 1995, nusu ya watu ninaowajua wenye digrii wasingekuwa nazo. Ila mfumo wenyewe haujatulia. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Mwaka uliofuata serikali ikasema inapunguza ada za vyuo vikuu kwa kati ya asilimia 15 na 40, habari njema, lakini pia ishara kwamba hesabu unayofanya leo inaweza kuwa nyingine ukiwa mwaka wa pili. Unapanga miaka minne juu ya kitu ambacho hubadilishwa kwa tangazo.

Turudi kwa fahali. Fahali anauzwa mara moja.

Hili ndilo jambo ambalo nataka lisomwe polepole. Kijijini kwetu chuo kikuu kina wafadhili na poli haina. Ukiitwa chuo kikuu, unapangiwa harambee. Hema zinakuja, isukuti inalia (ngoma hii hii ambayo UNESCO iliiweka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka), MCA anatuma bahasha, mwalimu mkuu wako wa zamani anaongea dakika arobaini. Ukiitwa poli, unaambiwa "hongera" na mtu anayeendelea kutafuna muwa. Kwa hivyo kwa mwaka wa kwanza, ukichora hesabu ya kweli, chuo kikuu kinaweza kuwa bure kabisa na poli ikawa ghali.

Mwaka wa pili hema hazirudi.

Kuna kijana mmoja wa upande wa kwao binamu, simtaji, alifanyiwa harambee ambayo watu bado wanaizungumzia. Aliingia chuo kikuu, mbali na huku, akiwa na sanduku jipya na suti. Muhula wa tatu alikuwa na deni la karo, na hangeweza kurudi kwa watu walewale kuomba tena, kwa sababu walishatoa na kula pilau. Leo anaendesha bodaboda stejini Khayega. Ni mchapakazi, ananibeba kila nikienda ocha, na kitambulisho cha chuo bado kiko kwenye pochi yake, nyuma ya leseni. Tatizo lake halikuwa akili. Kila mtu alilipia kuingia, hakuna aliyelipia kukaa.

Basi kwa nini tunadharau poli hivyo? Nikiuliza napewa jibu moja: chuo kikuu ni chuo kikuu. Sawa. Lakini hebu tuulize MMUST yenyewe ilitoka wapi. Haikushuka kutoka mawinguni. Mizizi yake ni ya 1972, watu wa Magharibi walipoanzisha Chuo cha Magharibi cha Sanaa na Sayansi Tumizi, WECO. Ndiyo, chuo cha kati. Wazee wa Kakamega bado wanasema "WECO" ulimi ukiteleza. Mwaka wa 2002 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na mwishoni mwa 2006 sheria ikakifanya chuo kikuu kamili. Nairobi na Mombasa ni vivyo hivyo: zile politekniki mbili za zamani, za Kenya na Mombasa, ndizo zilizogeuka vyuo vikuu vya kiufundi mwaka wa 2013. Mjomba wangu anadharau poli akilisifia chuo ambacho yeye mwenyewe akiwa kijana alikijua kama ndugu wa poli.

Nilimwambia hivyo. Akasema mimi niliyeacha chuo sina la kumwambia mtu kuhusu chuo. Point yake ilikuwa na meno, nikanyamaza, nikamiminiwa chai.

Ni kweli, niliacha, muhula wa tano, chuo ambacho jina lake si la muhimu hapa, mbali na Kakamega. Na kwa sababu watu huniuliza kama ni karo iliyonitoa: karo ilisaidia, ila haikuwa peke yake. Pesa ya mkopo ilichelewa wiki tisa. Wiki tisa si mchezo. Lakini wenzangu wa chumbani walikuwa watu ambao pesa yao inatoka nyumbani kwa M-Pesa kila Jumatatu. Walikuwa wema, sina neno baya juu yao. Ijumaa wanaagiza chipsi kuku, wananiambia "kuja tu, tutalipa". Mara ya kwanza unaenda. Mara ya pili unaenda. Mara ya tatu unasema una kazi ya kufanya, unabaki chumbani na taa imezimwa ili wakirudi wadhani umelala. Baada ya mwezi hata darasani nilikuwa nachagua kiti cha nyuma. Hakuna mtu hata mmoja karibu yangu ambaye ningemwambia "mimi sina" na yeye ajibu "hata mimi".

Kwa hivyo binamu aliponiuliza nimshauri, sikumwambia achague wapi. Nilimwambia aende akaone wanaokaa huko wanakula nini tarehe ishirini na tano.

Akaenda. Jumatano moja alienda Kakamega, Alhamisi akaenda Sigalagala, na ripoti zake alinitumia kwa sauti za WhatsApp ndefu kama mahubiri.

Kule MMUST alipapenda, tena sana. Bustani, maktaba, watu wengi wa kila pembe ya nchi, Mturkana na Mmeru na Mdigo kwenye benchi moja. Alikutana na binti aliyesoma naye, wakazunguka pamoja Lurambi na Kefinco kuona vyumba. (Kefinco, kwa wale mnaopenda vitu hivi, ni jina lililobaki kutoka kwa ule mradi wa maji wa Kenya na Finland. Sasa ni mtaa wa wanafunzi na vibanda vya chapati.) Chumba kimoja alichoonyeshwa kilikuwa 3,500 kwa mwezi, cha bei ya chini kilikuwa 2,500 na choo kiko mbali kidogo, ukubwa wa "kidogo" ukitegemea saa ya usiku. Alisema kampasi inakufanya ujihisi mkubwa. Unapita langoni na hakuna anayejua wewe ni mtoto wa nani.

Hicho si kitu kidogo kwa msichana aliyekulia Shinyalu, ambako ukisimama na mvulana dakika mbili sokoni, mama yako anakungoja na taarifa kamili mlangoni.

Lakini pia aliona jambo lingine. Yule rafiki yake ana nguo za darasani, nguo za kanisani, na nguo za Ijumaa. Simu ilikuwa mpya. Wakati wa chakula cha mchana walipitia sehemu mbili kabla ya kukubaliana, na bili ikawa 280 kwa sahani. "Niliilipa," alisema binamu, "lakini hiyo ilikuwa nauli yangu ya kesho." Si kwamba MMUST yote inaishi hivyo. Kuna maelfu pale wanaopika ugali na mrenda chumbani kwa jiko la mafuta, wanaosoma na kufua nguo za watu ili wapite mwezi. Ila lile kundi ambalo yeye angeingia nalo, kwa sababu ndilo pekee alilolijua, si la kiwango chake. Na mtu akifika chuo mpya, wiki mbili za kwanza ndizo zinazoamua marafiki. Ni wachache wanaobadilisha baadaye.

Sigalagala hakupapenda mara moja. Alisema pana kelele za mashine, pana wavulana wengi waliovaa ovaroli na wanakutazama kama umepotea njia ya kwenda saluni. Kwenye darasa la umeme alilochungulia alihesabu wasichana wanne kati ya watu kama thelathini. Akawafuata hao wanne nje. Akawauliza, bila kuzunguka, mnakaa wapi na mnakula nini.

Watatu walikuwa wamepanga chumba kimoja karibu na chuo, 2,400 kwa mwezi, kila mmoja 800. Mahindi yanatoka nyumbani, wanasaga pamoja. Maharage yanatoka kwa huyu, mafuta ya kupikia yananunuliwa na yule. Wa nne alikuwa anatoka nyumbani kila siku na ndiye aliyekuwa amechoka zaidi. Mmoja wao akamwambia jambo ambalo binamu alilirudia mara mbili kwenye sauti: "Hapa ukisema huna, unaambiwa kaa chini ule."

Sasa, nikiri kwamba nilitarajia suala la kukaa nyumbani liwe ndilo jibu. Shinyalu iko karibu, si ndiyo? Utalala kwenu, utakula kwenu, pesa ibaki. Kila mzazi husema hivyo. Binti akapiga hesabu. Kutoka kwao hadi Sigalagala ni magari mawili, 100 kwenda na 100 kurudi, kama mvua haijanyesha na bei haijapanda. Siku tano ni 1,000. Mwezi ni 4,000. Kwa MMUST ni zaidi, maana ukifika mjini kuna bodaboda au kutembea, na 300 kwa siku inaisha upesi. Ukilala kwenu kwa ajili ya kuokoa, unalipa nauli ya 4,000 ili usilipe kodi ya 800. Hakuna aliyekuwa amefanya hesabu hiyo pale nyumbani, hata mimi.

Na hiyo ni pesa tu. Kukaa nyumbani ukiwa chuoni kuna kodi nyingine. Ng'ombe anahitaji kukamuliwa saa kumi na moja. Mdogo wako ana homa, wewe ndiye mkubwa uliyepo. Kuna matanga kwa jirani, na huku matanga hayaishi siku moja, nawe msichana uliyemaliza shule unategemewa jikoni tangu jioni mpaka sufuria la mwisho. Utamwambiaje shangazi kuwa una mtihani wa vipimo vya umeme kesho? Atakuuliza kama umeme ndio utakaomzika marehemu. Wavulana nao hutumwa, lakini tuwe wakweli, si sawa. Mvulana wa chuo akikaa nyumbani anaitwa msomi. Msichana wa chuo akikaa nyumbani anaitwa aje asongee wageni ugali.

Kwa hivyo umbali mzuri, kwa maoni yangu, si karibu sana wala mbali sana. Ni ule ambao gunia la mahindi linaweza kukufikia Jumapili lakini shangazi hawezi kukufikia Jumanne.

Siku ya nne tuliongea simu karibu saa nzima. Nilimwuliza swali moja ambalo nilitamani mtu angeniuliza mimi: mkopo ukichelewa miezi miwili, utafanya nini, na ni nani utamwambia wa kwanza? Kwa MMUST alifikiria kwa muda. Akasema angempigia baba. Baba angefanya nini? Angetafuta kitu cha kuuza, na fahali angekuwa ameshaenda. Kwa Sigalagala alijibu haraka: angewaambia wale wasichana, na angetafuta kazi za kufunga nyaya wikendi, kwa sababu kufikia wakati huo atakuwa anajua kufunga soketi. Huko Shinyalu kila mwezi kuna nyumba mpya inayowekwa stima, na fundi anayekuja na kuondoka bila kukunywesha maneno ni adimu.

Tena kuna jambo ambalo halisemwi sana kwenye hizo harambee: diploma si ukuta. Ukiimaliza vizuri unaweza kuomba digrii baadaye, na vyuo vikuu kadhaa humpa mwenye diploma nafuu ya baadhi ya masomo kama kozi inalingana. Inachukua muda mrefu zaidi, sikatai. Na kuna kazi ambazo mlango wake ni digrii tu, kama anataka kufika huko asijidanganye. Kama angekuwa amepata alama za uuguzi au uhandisi pale MMUST, mimi ningekuwa wa kwanza kumwambia auze hata kuku. Na kama wale marafiki wanne angewapata Lurambi badala ya Sigalagala, pengine hadithi hii ingegeuka kulia pale Khayega.

Siku ya tano asubuhi alijaza poli chaguo la kwanza. Hakumwambia mtu mpaka ujumbe wa kuthibitisha ulipoingia kwenye simu.

Mjomba alikasirika siku tatu. Si hasira ya kupiga kelele, ile ya kunyamaza, ya kula haraka na kutoka nje kumwangalia fahali. Siku ya nne aliniita. Aliuliza kama ni mimi niliyemharibu mtoto. Nikamwambia, "Mjomba, mimi nilimuuliza maswali tu, majibu ni yake." Akatazama zizi muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejadiliana na nafsi yake, kwamba hata hivyo mnunuzi alikuwa ametaja bei ya dharau.

Tulijaribu kumshawishi basi afanye harambee ndogo, ya poli, ya kwanza katika historia ya ukoo. Alikataa, akasema watu watacheka. Lakini Jumapili kabla ya binti kuripoti, alijitokeza na magunia mawili ya mahindi kwenye bodaboda mbili, akayasindikiza mwenyewe mpaka Sigalagala, akakikagua kile chumba cha watu wanne sasa, akagonga ukuta kwa ngumi kuona kama ni imara, na akawauliza wale wasichana wengine majina ya baba zao. Mmoja alikuwa mtoto wa mtu anayemjua kutoka uwanja wa mafahali. Walikaa wakazungumza ng'ombe karibu saa mbili.

Kodi sasa ni 600 kila mmoja. Mkopo wa muhula huu bado haujaingia ninapoandika haya. Juzi usiku nilipata ujumbe: "Kaka, nisaidie 450, testa yangu imeibiwa na Jumamosi nina kazi ya kufunga stima kwa nyumba mbili Shinyalu."

Nilituma 500. Nikamwambia chenji arudishe.